Mkanda Uliobaki

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na daktari huyu alishtuka hata pasipo na unyasi. Alikuwa bingwa wa macho, wa pekee katika hospitali ile, na aliyelala mezani leo alikuwa mjomba wake. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilikuwa imebanduka, tena kwenye jicho pekee lililokuwa likiona. Ilibidi jicho lizungushiwe mkanda mwembamba wa silikoni, ushonwe na ubaki humo maisha yote.

Kazi yenyewe aliijua vizuri. Mkanda unalowekwa kwenye bakuli la antibayotiki, unatolewa kwa koleo, unapitishwa bila kugusa kope, maana kwenye kope vijidudu havikosekani. Mama yake alishonewa mkanda kama huo zamani. Ulikaa kimya miaka mingi, kisha ukatunga usaha, na jicho likang'olewa. Mama alishakufa, lakini leo kila mkanda ulipokaribia kope, daktari alisikia harufu ya usaha ule, na sauti ya mama: "Umegusa."

Akautupa wa kwanza. Akautupa na wa pili.

"Haujagusa, daktari," muuguzi alisema. "Nilikuwa naangalia. Na sasa umebaki huu mmoja tu."

Daktari aliuinua. "Umegusa," mama alisema, hata kabla haujafika.

"Bado, mama," alinong'ona.

Mjomba alikuwa amepigwa ganzi ya jicho tu, masikio yalikuwa mazima. Ndiye aliyemsafisha dada yake usaha ule mpaka mwisho.

"Mjomba," alimwita mpwa wake kutoka chini ya shuka, "huyo dada yangu namjua kwa ubishi. Mwambie atoke, zamu yake ilishapita. Hapa nimelala mimi, na shingo inaniuma."

Muuguzi alicheka. Daktari alilia, na muuguzi akawahi kumfuta machozi yasije yakadondokea jicho. Kisha daktari akaupitisha mkanda, akaushona.

Asubuhi bandeji ilifunguliwa. Mjomba aliona dirisha, akaona vidole, akaona mvi za mpwa wake na kuzicheka sana.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Uje wiki ijayo nikuangalie."

"Na baada ya hapo?"

"Uje tena."

"Hata mwakani?"

Daktari aliogopa, na hakuficha. Alimshika mkono.

"Hata mwakani, mjomba. Uje mpaka mmoja wetu afe."