Kulinyamazisha Bati

Saudah aligonga bati la mlango wa pikapu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama tabibu agongaye kifua cha mwenye kikohozi.

"Sowedi, hii mlango yako iko tupu ndani," alisema. "Ndiyo maana inalia kama ngoma."

"Inyamazishe," Sowedi alijibu. "Chini, juu, milango yote. Sitaki kusikia hata jiwe moja."

Saudah alikuwa fundi wa viti vya magari huko Kakiika, pembeni mwa Mbarara, na tangu vita viishe upande huo wa mpaka na watu kuanza tena kusafiri, kazi haikumpungukia. Lakini hakuwahi kuombwa kazi ya namna hii. Waling'oa viti, wakakwangua kutu, wakapasha lami moto na kuikandika sakafuni ingali laini. Juu ya lami walitandika gunia, juu ya gunia blanketi kuukuu, kisha zulia. Milangoni na darini Saudah alibandika sponji ya godoro, akaifunika kwa rekisini nyekundu, ile ngozi ya bandia, aliyoishona mwenyewe. Muda wote huo Sowedi hakutulia. Alishika nyundo, akaiweka. Akatoka barabarani, akarudi.

"Kaa chini, ssebo, kaa bwana," Saudah alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

Lakini kukaa kulikuwa kumemshinda Sowedi tangu mama yake alipozikwa. Alinunua samaki Nakivale, akawauza Mbarara, akalala popote usiku ulipomkuta, mradi si katika nyumba ile ya udongo kwenye kambi ya wakimbizi hapo Nakivale ambamo baba yake, Mzee Ramazani, aliketi kitandani akiwa ameelekeza uso ukutani. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili ya mzee. Madaktari wa hospitali ya macho ya Ruharo walisema anatibika. Mara mbili Sowedi alimpakia garini, na mara mbili mzee aliamuru warudi kabla hawajafika mji mdogo wa Kaberebere, akidai kelele za gari zinampasua kichwa. Basi Sowedi akaona dawa ya kichwa cha baba yake ni sponji.

Asubuhi ya safari alimkalisha baba yake garini, akafunga mlango. Haukulia. Ulisema *pu*, kama mto ulioangushwa kitandani. Sowedi alitabasamu, akatia gia, na pikapu ikateleza juu ya mawe kana kwamba imevaa soksi.

Walikuwa hawajaenda mbali alipoona vidole vya baba yake vimeng'ang'ania ukingo wa kiti.

"Tuko fasi gani?" mzee aliuliza.

"Njiani, Papa."

"Njia gani? Injini imezimika?"

"Inawaka."

"Miye siisikii! Kinamasi kiko wapi? Ile daraja ya mbao tumeipita?"

"Tumeshaipita."

Mzee akaanza kupapasa mlango, akiisukuma ile sponji kwa viganja, pumzi zikimwenda mbio. "Fungua mulango! Umenifunga mu sanduku, Sowedi! Umenizika!"

Sowedi akakanyaga breki. Baba yake akashuka kwa kujikwaa, akasimama katikati ya vumbi, kofia imemwenda upande, akipokea sauti za dunia kama mtu aliyeibuka majini: mbuzi, upepo, mtu akipasua kuni mbali. Hapo ndipo Sowedi alipofahamu. Mzee alikuwa akisafiri kwa masikio. Kila mtikisiko wa lile bati bovu ulikuwa umemwambia alipofika.

Akashika ncha ya rekisini ili aichane.

"Iache," mzee alisema. "Hapana gari iko na makosa."

"Si ulisema kelele..."

"Nilisema. Mutu anaogopa, anasema kitu." Aliiweka kofia sawa. "Mu giza yangu, Sowedi, miye niko Rutshuru, kwetu ng'ambo ya mpaka. Naona duka langu, naona mama yako anapika. Anapika kila siku. Sasa bakifungua haya macho, nitaona nini? Nakivale. Na kitanda yake bila yeye."

Sowedi, ambaye siku zote alikuwa na safari ya kumtoa kwenye maneno ya namna hiyo, safari hii hakuwa na pa kwenda. Gari lilikuwa limesimama na baba yake alikuwa mbele yake. Akaketi kwenye ngazi ya pikapu, na magoti yaliyozoea kuchezacheza yakatulia.

"Mimi macho ninayo," alisema hatimaye, "na sijakiangalia kitanda kile tangu tumzike."

Mzee akageuza uso kuifuata sauti. "Na wewe?"

"Na mimi."

Lori la ndizi lilipita, likawamwagia vumbi. Kisha mzee akanyoosha mkono, si kutaka kuongozwa, bali kuupata uso wa mwanawe. Akampapasa paji, mashavu, kidevu.

"Umekonda mingi," alisema. "Na hii ndevu iko na rangi gani?"

"Imeanza mvi, Papa."

"Mvi! Mutoto wangu!" Na kwa namna fulani habari hiyo ilimkera kuliko zote, maana alirudi kwenye kiti akinung'unika. "Basi twende. Lakini useme. Kama gari haisemi, sema wewe."

Sowedi akasema. Alianza kwa kugugumia, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: migomba hii, kilima kile, ng'ombe wenye pembe ndefu. Walipofika Kaberebere maneno yalikuwa yamemzoea. Alieleza mashine ya kusaga na mwanamke aliyejitwisha cherehani. Mzee alimsahihisha, akambishia, akamtaka arudie.

Ruharo, mbele ya lango la hospitali, Sowedi alizima injini. Hakuna aliyegusa mlango.

"Bado," mzee alisema. "Sema kwanza kuna nini."

"Kuna watu wamekaa majanini. Kuna mama anatoka, amefungwa bandeji jicho moja. Anashikwa mkono na binti yake."

"Anacheka ao analia?"

Sowedi akainama juu ya usukani, akakaza macho kupitia kioo chenye vumbi.

"Ametupa mgongo," alisema. "Ngoja ageuke."