Barua ya Kusomwa Nikishazikwa

Katika wazee wote wa Utemini, mimi Johari ndiye wa kwanza kuwa na baruapepe. Nilitamba nayo mpaka msibani. Kuifungua sasa ndiyo sijui. Kile kipanya cha kompyuta nakishika kama mjusi, na kazi yote anaifanya mjukuu wangu Radhia. Lakini jina lililoandikwa pale ni langu.

Ilikuwa mwaka 2006. Daktari aliniambia moyo wangu umechoka. Nikamwambia, moyo wa mtu aliyeishia darasa la nne huo, hapo ulipofika si haba. Hakucheka. Daktari asipocheka, jua mambo yamekaa vibaya.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Radhia anafua. Mama yake, mwanangu wa pekee, tulishamzika. Binti ana miaka kumi na saba, na duniani ana mimi na hii nyumba ambayo marehemu mume wangu, Abdulkadiri, alimwandikia kabla hajafa. Nikienda, nani atamlindia? Kwetu makaratasi ya nyumba hushikwa na mwanamume wa upande wa mume, na aliyebaki ni mmoja tu: Miraji, mtoto wa mdogo wake Abdulkadiri. Kijana mpole sana huyo. Upole wake ndio ulionikosesha usingizi.

Tukaenda intaneti kafe, karibu na stendi. Radhia akaskani hati ya nyumba na wosia wa babu yake, akavihifadhi kwenye baruapepe yangu, na neno la siri akalishika yeye. Alipotaka kufunga nikamwambia, "Nifungulie nyingine."

"Ya nini tena, bibi?"

"Hiyo ya kwanza ni ya kuhifadhi. Hii ni ya kutegea panya."

Kwenye hiyo ya pili nikajitumia barua moja tu, kichwa chake: *Isomwe nikishazikwa.* Ndani nikadanganya kwamba hati halisi nimeificha stoo, chini kabisa ya kihenge cha uwele. Uwele wenyewe ulikuwa umetoka Kinyangiri juzi, haujapepetwa vizuri. Vumbi lake likikuingia shingoni utajikuna siku mbili, uoge usioge. Anwani yake na neno la siri nikaviandika kwenye karatasi, nikatia ndani ya bahasha, nikaigandisha kwa ugali, nikamkabidhi Miraji.

"Usifungue mpaka mnizike."

"Mama mkubwa, mdomo wako huo! Utaishi mpaka utuchoke."

"Nimeshawachoka."

Kuanzia siku ile Miraji akawa haachi kuja. Analeta supu. Ananiuliza, "Umeamkaje leo?" kisha ananitazama usoni kama mtu aliyetarajia jibu jingine. Akitoka, anapita uani kwa hatua ndefu, midomo inacheza kama anahesabu. Asubuhi moja nikamwona nje ya ua mzee mmoja wa Mandewa, mnunuzi wa nyumba asiyenijua kwa sura, ameshika futikamba. Hakunisalimia. Alinitazama nilivyokaa kwenye kigoda, akamgeukia Miraji kama anauliza, na huyu naye anafanya nini hapa?

Jirani yangu Rukaya akaja mbio kutoka sokoni. "Johari, kuna mtu kaniuliza kama matanga yako yameisha!"

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia nimekuacha unapika maharage."

"Ungemwambia hayajaiva."

Tulicheka. Alipoondoka, maharage nikayaacha yakaungua.

Alhamisi nikamchukua Radhia, tukarudi kafe. Akafungua ile ya mtego. Barua isiyosomwa huandikwa kwa wino mzito, ndivyo alivyonifundisha. Yangu ilikuwa imefifia. Imeshasomwa.

"Bibi," akasema, "kuna nyingine imetumwa kutoka hapa hapa. Jana."

Miraji hana baruapepe yake, basi kaazima ya kwangu. Radhia akanisomea taratibu. Barua ilikwenda kwa mzee wa Mandewa: *Kama nilivyokwambia, Bi Johari amefariki wiki iliyopita. Hati tunaitoa kesho. Binti aliyebaki ataondoka mwisho wa mwezi.*

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nilikuwa nimekufa, na juu ya tangazo la kifo changu kuna jina langu, kama vile nimelituma mwenyewe. Nikajishika kifua. Moyo ulikuwa unapiga, lakini polepole, kama na wenyewe umeisikia habari.

"Bibi, nitaondoka kwenda wapi?" Radhia akauliza.

Nikamshika mkono, tukatoka.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa la utosi. Miraji amekaa barazani peke yake, shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kooni.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nimekuta hamna mtu."

"Marahaba, baba. Umekuja zamani?"

"Ndiyo nafika. Hata sijakaa sawasawa." Akajipenyeza kidole kwenye kola, akajikuna. "Umeamkaje?"

"Nimeamka. Ile bahasha yangu iko wapi?"

"Ipo nyumbani sandukuni. Sijaigusa." Akakuna kiwiko. Akakuna na ubavu. Macho yamemwiva. "Kwani vipi?"

"Wazee tuna wasiwasi tu. Hujaifungua?"

"Mama mkubwa! Mimi nifungue bahasha ya mtu aliye hai?"

"Apa."

Akainua mkono wa kulia, wa kushoto uko mgongoni unakuna. "Wallahi sijaifungua. Na stoo yako sijaikanyaga tangu Idi."

Radhia akanitazama. Nikavua viatu taratibu, nikakaa mkekani mkabala naye.

"Miraji, mwanangu, mimi nimekuuliza bahasha. Stoo imetoka wapi?"

Mkono wa kulia ukaganda hewani, kisha ukashuka. Kutoka kwenye ile mikono mirefu ya shati, punje za uwele zikamdondokea mapajani.