Mbele, Kushoto

Mimi ni mtu wa hasira, na Iyunga nzima hapa Mbeya inajua. Ukiniletea gari nilikague naomba mambo mawili tu: muuzaji asinisemeshe, na mnunuzi asiniambie kwamba ameshalipenda. Kama umeshalipenda mimi unaniita wa nini? Si ungempelekea mchungaji alibariki.

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kabla mtu hajatoa fedha yake. Zamani nilikuwa fundi bodi, wa kunyoosha na kupaka rangi, kwa hiyo uongo wa rangi naujua kuanzia jikoni. Nina sumaku niliyoizungushia kitambaa: penye bati inanasa, penye puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, inadondoka. Naangalia vichwa vya bolti kama vimewahi kupigwa spana, nanusa mafuta ya gia, nalala chini ya gari hata kama pana tope. Mwisho nasema neno moja, linunuliwe au lisinunuliwe, na hakuna aliyewahi kurudi kunilaumu. Mjini wanasema fundi Yotamu hanunuliki. Sifa hiyo nilikuwa naipenda kuliko chakula.

Mama Kulwa alikuja mara ya kwanza miaka minne iliyopita. Jina lake ni Mbuke, Msukuma wa Igawa. Wazazi wake walihamia tambarare za Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo, na siku hizi anauza mchele kando ya barabara kuu. Alikuja na dalali, na gari dogo la buti, rangi ya fedha. Akakaa juu ya tairi chakavu akaniacha nifanye kazi. Nilipomaliza nikaanza kumweleza habari za injini, akanikatiza.

"Injini sina shida nayo, fundi. Niangalizie tu mbele, kushoto. Hii gari iliwahi kugonga?"

Nikaangalia, nikamwambia halijawahi. Akashukuru, akanilipa, akamwambia dalali gari hataki. Dalali alituangalia kama wehu wawili.

Baada ya miezi mitatu akaleta lingine, sura ileile, rangi ileile, swali lilelile. La tatu lilipokuja nikamuuliza, kwa ukali wangu huohuo, kama mimi ni mwanasesere wake. Ndipo akaniambia. Alikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Asubuhi moja ya Juni, miaka miwili nyuma, wakiwa na miaka minane, walikuwa wanavuka barabara kwenda shule, gari la rangi ya fedha likamgonga Kulwa na kwenda zake. Doto alikuwa amemshika mkono. Polisi walitafuta wakachoka. Yeye akakaa akafikiri: nani atamruhusu mama aliyefiwa afungue boneti ya gari lake? Hakuna. Lakini mnunuzi anaruhusiwa kufungua kila kitu. Basi akawa mnunuzi.

"Lazima waliinyoosha," alisema. "Na wewe watu wanasema unaona chini ya rangi."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikaifunga gereji mchana kweupe, kwa sababu gari lile nililinyoosha mimi.

Lililetwa asubuhi hiyohiyo ya Juni na kaka yangu Lutengano, tumbo moja, aliyenilipia ada ya ufundi na kodi ya gereji hii mwaka wa kwanza. Alikuwa anatoka Iringa. Taa ya kushoto imevunjika, boneti imekunjika, bampa linaning'inia. Akasema amegonga mbuzi pale Igawa. Hakusimama, kwa sababu madereva huambizana kwamba ukigonga kitu kule usisimame, utapigwa; nenda moja kwa moja ukajisalimishe kituoni. Sawa. Yeye alikipita kituo cha kwanza, akakipita cha pili, akaja kwa mdogo wake.

Kwenye wavu wa mbele ya rejeta nikatoa kipande cha sweta ya kijani, kikubwa kama kiganja. Mbuzi havai sweta. Nilimtazama kaka yangu, naye akatazama kwingine, na hapo tukawa tumeshazungumza yote. Kipande nikakitia kwenye jiko la mkaa. Nikanyoosha, nikapiga puti, nikalipaka gari zima bluu ya giza, na kadi ya gari ikabadilishwa iseme rangi hiyo. Mwezi haukuisha akawa ameliuza Mufindi. Damu ni nzito kuliko maji, nilijiambia. Sikunyoosha tena gari la mtu baada ya hapo. Nikaanza kukagua, nikajifanya mkweli kuliko watu wote, na nikafanikiwa, mpaka mama yule alipokaa juu ya tairi langu.

Tangu siku hiyo sijawahi kukaa vizuri. Mbeya ni baridi, na watoto wa shule wote wanavaa sweta. Kila asubuhi wanapita mbele ya gereji kwa mamia, na mimi nageukia ukutani kama ninayetafuta spana. Harufu ya uzi unaoungua naisikia hata jiko likiwa limejaa majivu ya jana. Nilimwambia mke wangu, Tupokigwe, aache kufuma ndani ya nyumba. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Mtoto mwenyewe sikuwahi kumwona, lakini alikuwa anakuja. Nikiinama chini ya boneti yoyote nilihisi kuna mtu mfupi amesimama upande wa kushoto, anasubiri nimalize. Sikuwahi kugeuka kuhakikisha. Niliogopa nisimkute, halafu nianze kumtafuta.

Na kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Kila alipoingia ilibidi niseme, "Karibu, Mama Kulwa." Jaribu wewe kulitamka jina hilo mbele yake, na mkono wako ndio uliolificha gari.

Magari kumi na moja aliniletea. Yote nilimwambia kweli tupu, kwamba halijagongwa, na yote kweli yalikuwa hayajagongwa. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba mtu anaweza kusema kweli mara kumi na moja na bado awe mwongo. Nilijua analolitafuta si la rangi ya fedha tena. Na nilijua kwamba siku nitakayofungua mdomo, kaka yangu ataingia gerezani, yeye mwenye watoto wanne na uzee wa kanisa, na mimi nyuma yake.

Januari hii alikuja na Doto.

"Leo sitafuti, fundi," akasema kabla sijamkaribisha. "Nimechoka. Leo nanunua kweli."

Doto alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza Iringa, shule ya bweni. Na Doto hasimami kando ya barabara kungoja basi. Tangu siku ile hajawahi. Kwa hiyo baba yake, Bujiku, ameuza ng'ombe.

"Baba yake anataka pikapu, ibebe na mchele. Nimemwambia mchele haujafaulu mtihani."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania, na kicheko changu kilikatikia njiani, kwa sababu nyuma yao liliingia gari la buti, bluu ya giza.

Muuzaji alikuwa mwalimu Liberatus wa Igowole, kulekule Mufindi, mtu mpole mwenye koti lililopigwa pasi. Akasema yeye ni mmiliki wa pili na amelitunza. Alikuwa amelitunza kweli. Mimi nililijua kabla hajazima injini, kama mpishi anavyoijua sufuria yake hata jikoni kwa jirani. Barabara yetu ni moja tu, magari ya bei hiyo si mengi, ningetegemea nini? Nikafungua boneti. Mshono wangu wa kulehemu nyuma ya taa ya kushoto ulikuwa palepale, umenyooka, hauna hata kutu. Nikaweka sumaku, ikadondoka. Nikaidaka kabla mtu hajaona.

Nilitaka asilinunue, lakini bila mimi kusema kwa nini. Ningesema limegongwa, angeuliza lini, na wapi, na kadi ina jina la nani wa kwanza. Basi nikatafuta ubovu mwingine, na gari halikuwa nao. Nikautunga. Nikasema gia inachelewa kuingia, bushi zimekwisha, shokapu za nyuma zinavuja, kipimo cha kilomita kimerudishwa nyuma. Nilimpaka matope mwalimu wa watu mpaka akavua miwani akaanza kuifuta. Niliona aibu, nikaendelea.

Mama Kulwa alisikiliza yote.

"Bushi zinabadilishwa," akasema. "Mbele kushoto je? Iliwahi kugonga?"

Doto alikuwa amesimama karibu na mlango akinitazama. Msichana mrefu, shingo ndefu, kitambulisho cha shule ya msingi bado kifuani. Nikajua kwamba Kulwa naye angekuwa na urefu huohuo.

"Halijagongwa," nikasema.

Mama Kulwa alifumba macho kidogo. "Basi naichukua. Kwa miaka minne, fundi, ni wewe peke yako hujanidanganya."

Yeye hajui kuendesha. Akaniomba niwapeleke hadi Igawa, ambako shemeji yake, mdogo wa Bujiku, angelipokea gari. Ningekataa kwa sababu gani? Mwalimu Liberatus alinipa funguo bila kuniangalia usoni, akaenda kutafuta basi la kurudi kwao.

Mama alikaa nyuma. Doto alikaa mbele, kushoto, nyuma ya taa ile. Tukapita Uyole, tukapita Igurusi na Chimala, na gari likawa linakwenda vizuri mno, halina mlio hata mmoja. Kila nilipoona mtoto kando ya lami, mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe.

"Baba, kuna nini?" Doto akauliza mara ya tatu.

"Nazijaribu breki."

"Zinashika?"

"Zinashika sana," nikamwambia.

Kabla hatujafika Igawa penyewe, Mama Kulwa akasema kutoka nyuma, "Simama hapa."

Nikasimama.

"Yule hakusimama," akasema, bila ukali wowote. Akashuka, akatembea hatua chache kwenye nyasi, akaanza kuongea Kisukuma. Hakulia wala hakuinua mikono. Aliongea sauti ya kawaida, ya mama anayemsemesha mtoto aliyeko chumba cha pili. Sikuelewa neno. Kisha katikati ya maneno yale nikasikia jina langu, na baada ya kidogo nikalisikia tena.

"Anasema nini?" nikamuuliza Doto.

"Anaongea na Kulwa. Sisi pacha, mmoja akipewa kitu lazima na mwingine aambiwe." Alisema hivyo kama anavyoeleza njia ya kwenda sokoni. "Anamwambia tumepata gari. Anamwambia asiiogope hii, fundi Yotamu ameiangalia."

Nimebeba mengi katika miaka hii yote. Nilizibeba sweta, niliibeba harufu, nilimbeba yule mfupi wa upande wa kushoto. Lakini jina langu kutajwa kwa mtoto yule, palepale, kama mdhamini wa gari lililomuua, hilo lilinishinda. Nilishuka bila kupanga kushuka. Nilimfuata Mama Kulwa kwenye nyasi, nikasimama mbele yake nikamwambia gari ni hili. Nililinyoosha mimi. Rangi niliipaka mimi. Sweta yake niliichoma mimi, na siku zote ulizokuwa unakuja nilikuwa najua.

Nilitegemea anipige. Nadhani nilitaka anipige. Alinitazama, akaligeukia gari, akamwona mwanawe amekaa ndani yake, kisha akaketi chini palepale.

Lori la mafuta lilikuwa linapita kuelekea mpakani na lilikuwa limeyafunika maneno yangu yasifike garini. Doto alikuwa amemwona mama yake akiketi, lakini hakuwa amesikia kitu. Akashusha kioo.

"Baba, umesemaje?"

Nikarudi hadi dirishani. Mama yake sikuwa nimemtajia aliyekuwa akiendesha siku ile. Doto nilimwanzia hapo, nikamwambia aliyemgonga Kulwa ni kaka yangu, anaitwa Lutengano.