Higgs wa Pili Ndani ya Sanduku

Mke wangu ni mwanafizikia wa nadharia, na ana Higgs wake, chembe ndogo kuliko atomu. Yule anayejulikana na dunia nzima anamwona wa kawaida tu. Kwenye hesabu zake za supasimetria, nadharia inayoipa kila chembe pacha wake, zile zilizopanuliwa, Higgs huyo ina ndugu kadhaa, na mmoja wao ni mwepesi, mwenye haya, hachangamani sana na wenzake, ndiyo maana hajaonekana. Ameishi naye miaka mingi kuliko alivyoishi nami. Namwonea wivu, sifichi.

Mimi niko kikundi cha vipimo. Kwetu kuna mwiko: ile sehemu ya data ambako chembe mpya inaweza kuwa imejificha tunaifunika wenyewe, tusije tukaona tunachotamani. Tunaiita sanduku, na halifunguliwi mpaka wote turidhike na mbinu zetu.

Asubuhi ya kulifungua, mke wangu alikunywa chai amesimama.

"Likiwa tupu, naacha," akasema. "Nitafundisha mwaka wa kwanza, nizeeke kwa amani."

"Usiape na tumbo tupu, mama."

"Nimeshaapa."

Chumba cha mikutano kilijaa. Mkuu wetu, tunayemwita Tahadhari kwa sababu hata kalamu huijaribu kwanza pembeni kabla ya kusaini, akabonyeza kitufe. Chati ikajichora ukutani: mstari ukateremka taratibu, kisha kwenye uzito wa sabini na tatu ukainuka, nundu safi kama ya ng'ombe, dalili ya chembe mpya. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Tahadhari, na mvi zake zote, akawa anarukaruka.

Mke wangu hakuruka. Alikunja uso kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Sabini na tatu?"

"Kama ulivyoandika!" Tahadhari akamjibu.

"Niliandika, kwenye makala yangu ya kwanza. Nilikosea kuzidisha. Baadaye nikasahihisha, ikawa themanini na moja. Mzee, maumbile yana mambo, lakini hayawezi kunakili kosa langu."

Tahadhari akaacha kuruka, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Ili kupima kama tuko macho, alikuwa amepandikiza ishara bandia kwenye data, akaichukua kutoka makala ile ya zamani, halafu akasahau kuiondoa. Tahadhari mwenyewe, jamani! Akaiondoa mbele yetu. Nundu ikatoweka, na pale kwenye themanini na moja hapakuwa na hata kichuguu.

Nilimkuta mke wangu kwenye korido, kando ya mashine ya kahawa, analia. Iliniuma sana, nikalia naye kidogo.

"Ningenyamaza, leo ningekuwa shujaa."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Najua. Basi naacha. Nimeapa."

"Hebu, uliapaje?"

"Likiwa tupu, naacha."

"Sasa wewe, sanduku lilikuwa tupu lile? Si tumekuta takataka za Tahadhari humo ndani?"

Akanikodolea macho, kamasi zinamchuruzika, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Mlianza kutafuta kuanzia wapi?" akauliza, akijifuta.

"Uzito wa hamsini."

"Na nikimpunguza Higgs wangu uzito zaidi? Chini ya hapo?"

"Huko hatujagusa."

Akanichomolea kalamu mfukoni, akaanza kuandika kwenye kikombe cha karatasi. Chakula cha jioni nilipika mimi.