Wavu wa Sangala Mlimani

Sidonie alipoondoka nyumbani kwake Uvira hakugombana na mtu. Alifunga sufuria mbili ndani ya kitenge, akachukua jembe lake, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri mvua ipungue, ingawa mvua haikuwapo.

"Minye naenda kwa mama," alisema. "Nguruwe iko inamaliza muhogo yake. Siku nguruwe itakufa, nitarudi."

Mumewe, Ezéchiel, alikuwa amekaa chini akitengeneza wavu uliochanika. Alikuwa mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo la maana akiwa hana wavu mapajani.

"Utaua nguruwe na sufuria?"

"Nitalinda shamba. Weye baki, ulinde telefone yako."

Neno la simu lilikuwa na mizizi. Mama yake Sidonie, mjane aitwaye Émérance, alilima muhogo mlimani juu ya Lubarika, saa mbili za kupanda kwa miguu, mahali ambapo mkulima asiyeangalia anaweza kuanguka kutoka ndani ya shamba lake mwenyewe. Tangu mwezi wa tatu nguruwe-mwitu dume alikuwa akilivuna shamba lile kabla ya mwenyewe. Mara tatu Émérance alituma habari kwa binti yake kwamba anahitaji mwanamume wa kumsaidia. Mara tatu Ezéchiel alijibu kwa simu, kupitia jirani: "Tuko pamoja." Nguruwe hakupata ujumbe huo.

Wiki ya kwanza peke yake Ezéchiel alikula bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Wiki ya pili alikula ndagala. Wiki ya tatu alianza kuutazama wavu wa sangala uliotundikwa ukutani. Alifikiri hivi: samaki kama sangala mkubwa ana uzito wa mtoto wa shule na nguvu za shetani, na wavu ule umemshika mara nyingi. Nguruwe ni nani? Hoja hiyo haikupata mpinzani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Asubuhi yake alipanda pikipiki mpaka Lubarika, akajitwika wavu kichwani pamoja na maboya yake yote, akaanza kupanda mlima.

Wawindaji walikuwa wamekusanyika karibu na nyumba ya Émérance. Mkubwa wao alikuwa Frédéric, mzee mwembamba aliyeijua kila njia ya nguruwe katika milima ile. Walikuwa watu tisa wenye mikuki. Bunduki hawakutumia, maana mlio wa bunduki huko juu huleta watu ambao hawakualikwa. Mbwa walikuwa wa Vainqueur, na kila mmoja alivaa shingoni kengele ya mti ili wawindaji wajue nguruwe anakimbilia wapi. Vainqueur alikuwa Msabato. Nyama ya nguruwe hakuionja tangu kuzaliwa, lakini nguruwe aliwawinda siku sita za juma. Chuki yake haikuchanganyika na njaa, na ndiyo maana ilikuwa safi.

"Bwana mukwe," Vainqueur alimwita Ezéchiel, akiyatazama maboya, "hapa ziwa iko wapi?"

"Nyavu ni nyavu."

"Kweli. Na nguruwe ikikunywa maji mingi, tutaivuta polepole."

Watu wakacheka. Mbwa mkubwa wa Vainqueur, ambaye jina lake lilikuwa Watasema, alinusa wavu ule, akarudi nyuma na kupiga chafya.

Frédéric hakucheka. Aliushika uzi, akauvuta kwa meno. "Huu uko nguvu," alisema. "Muache akuje nayo."

Akapanga watu. Nguruwe akifukuzwa, alieleza, hupenda njia aliyoizoea, na huyu njia yake ilikuwa moja, ile inayopanda kutoka kijito mpaka kona ya shamba. Ezéchiel atatundika wavu pale katikati ya miti miwili. Ncha moja ataifunga mtini, ya pili ataishika mkononi. Nguruwe akiingia, aachie kamba, wavu umfunike. Wawindaji watafunga ubavu huu na ule, na Sidonie atapiga debe kule juu ili nguruwe asikate kona.

Mpango ulikuwa mzuri. Jambo moja tu mzee alilisahau, na alilisahau kwa sababu kila mtu alilijua.

Katika nchi ile mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawatajani majina, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, mwanamume hutoka njiani akageuza mgongo, na mwanamke hujifunika uso kwa kitenge mpaka wapishane. Miaka kumi na moja Ezéchiel alikuwa mkwe wa Émérance, na yote aliyoyajua kwake ni visigino. Visigino hivyo aliviheshimu sana.

Sasa Émérance alikuwa ameloweka muhogo katika kijito, na siku hiyo ilikuwa ya nne. Muhogo wa siku ya nne haungoji mawindo ya mtu. Hakuna aliyemwambia mkwe wake amewekwa wapi, kwa kuwa kumwambia kungelazimu kumtaja. Akateremka kijitoni, akajaza kikapu, akaanza kupanda kwa ile njia ya nguruwe, iliyokuwa njia yake pia.

Ezéchiel alikuwa amesimama na kamba mkononi. Alisikia kengele za mbwa kule bondeni, ko-ko-ko, zikipanda. Alimsikia Vainqueur akipaza sauti: "Imetoka! Imetoka! Iko inakuja kwako!" Akakaza kamba. Majani yakatikisika. Akatokea mama mkwe wake.

Mtu aliyelelewa vizuri hafikirii wakati huo. Ezéchiel aliachia kamba, akatoka njiani, akavipa vichaka uso wake. Wavu ulianguka chini wote, ukalala kama nguo iliyoanikwa ikaanguka. Émérance naye alitua kikapu, akajifunika kitenge mpaka shingoni.

Nguruwe akapita katikati ya watu wawili wenye adabu. Alipita bila haraka sana. Alikanyaga wavu, akakanyaga kikapu, akala kipande kimoja cha muhogo uliolowekwa, akaingia shambani.

Mbwa walipofika, Watasema alimtazama Ezéchiel kwa muda mrefu.

"Nguruwe iko wapi?" Vainqueur aliuliza akihema.

"Imepita," alisema Ezéchiel, bado akitazama vichaka.

"Imepita aje? Na nyavu?"

"Mama alikuwa anapita."

Vainqueur aligeuka, akaona kitenge kilichosimama wima pembeni ya njia. Akavua kofia. Hata Msabato ana mama mkwe.

Jioni walikaa nje ya nyumba ya Émérance kuamua kosa ni la nani. Mmoja alisema la mwenye wavu. Mwingine alisema la muhogo. Frédéric aliwanyamazisha.

"Kosa iko yangu. Minye nilimuweka mukwe kwa njia ya mama mukwe. Hata mutoto hawezi kufanya vile." Akatikisa kichwa. "Lakini kesho hatuna pahali pengine. Nguruwe ile iko na njia moja tu."

Hapo sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Émérance alikuwa amekaa jikoni, na kwa sababu mkwe wake alikuwa hatua tano kutoka pale, alisema na binti yake.

"Sidonie, muambie Frédéric amuulize yule muntu kama nyavu yake iko na ncha mbili."

Sidonie akamwambia Frédéric. Frédéric akamwambia Ezéchiel. Ezéchiel, aliyekwisha kusikia, alisubiri maneno yamalize safari yao.

"Iko na ncha mbili," alisema. Jibu likarudi kwa njia ileile.

"Basi ile ya mti ilikuwa kosa," ilisema sauti. "Mti haivute. Minye nitashika ncha moja."

Frédéric alikohoa. "Mama, na adabu?"

"Tangu kesho asubuhi mpaka nguruwe itakufa, yule hapana mukwe wangu. Iko muvuvi."

"Na nguruwe ikikufa?"

"Ikikufa, iko mukwe tena. Palepale."

Mzee alifikiri. Katika maisha yake hakuwa amesikia sheria kama ile. Lakini mama mkwe ndiye mwenye heshima hiyo, na mwenye mali anaweza kuiazimisha. Akakubali.

Ezéchiel alimtafuta Sidonie kwa macho. Sidonie alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, wala hakuinua kichwa.

Asubuhi Ezéchiel na Émérance waliketi, kila mtu kwenye mti wake, wavu umetundikwa kati yao. Ezéchiel alitazama viatu vyake kwanza. Halafu alitazama kamba. Kisha akainua macho, akaona uso wa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Sidonie, uliokwisha kuona jua la miaka thelathini zaidi.

"Kumbe uko na mvi," alisema Émérance.

"Ndiyo, mama."

"Sidonie hakuniambia."

Walisikiliza. Mbwa walikuwa bado mbali.

"Unakula vizuri?"

"Ndagala, mama."

"Inaonekana." Alizungusha kamba mkononi mwake mara mbili, kama mtu aliyeanza uvuvi jana na kuumaliza leo. "Sasa weye unafikiri Sidonie alikuja huku kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya nguruwe."

"Nguruwe!" Alicheka chini kwa chini, mabega yakatikisika. "Nguruwe iko kila mwaka. Ilikuwa mwaka ule ulimuoa. Baba ya Sidonie alikufa akaacha nguruwe, na baba ya baba yake vilevile. Muntu haache bwana yake juu ya nguruwe. Sikiliza, muvuvi. Sidonie alikuja huku kwa sababu weye—"

Ko-ko-ko-ko. Kengele zikalipuka bondeni, debe la Sidonie likaanza kulia juu, na njia ikatikisika.

Safari hii nguruwe alikuja kwa kasi, kichwa chini, kifua kama gunia la makaa. "Achia!" alisema Émérance, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Wavu ukaanguka. Nguruwe akauingia wote, akauzungusha, akaanza kuteremka nao mlima. Émérance alikuwa amekwisha kuizungusha kamba yake kwenye mti na kuikalia. Ezéchiel hakuwa na wazo hilo. Aliteremka na nguruwe, kwa tumbo, akipita mawe, mizizi na mtu mmoja mwenye mkuki aliyemsalimia, mpaka wavu ulipokaza na wote wawili wakasimama, yeye na nguruwe, wakitazamana kupitia matundu. Maboya yalikuwa juu, kama inavyotakiwa.

Mkuki wa Frédéric ukafika.

"Amina," alisema Vainqueur.

Ezéchiel alijiinua akiwa na udongo kinywani, akapanda mbio kwa mikono na miguu.

"Mama! Kwa sababu minye nini?"

Émérance alikuwa amesimama kando ya njia, ameelekea upande mwingine. Kitenge kilikuwa kimefunika kichwa chote. Palikuwa na visigino tu.

Nyama iligawanywa palepale kama desturi. Mguu wa nyuma ni wa mwenye shamba. Kidari ni cha mwenye mbwa, na Vainqueur alikipokea kwa ncha za vidole, akamkabidhi Watasema. Fungu la wavu wa sangala halikuwa na sheria. Frédéric alifikiri, akatoa bega. Ezéchiel aliuweka mguu wa nguruwe, fungu la Émérance, juu ya jani la mgomba mbele ya nyumba, akarudi nyuma, akageuza mgongo. Alipogeuka tena jani lilikuwa tupu.

Sidonie alikuwa uani na zile sufuria mbili. Hakuwa amefunga kitu.

"Nguruwe imekufa," alisema Ezéchiel.

"Nimeona."

"Ulisema utarudi."

"Nilisema." Akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana.

Ezéchiel alisimama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile la kila siku, tuko pamoja, na lingetoka lenyewe kama asingelikuwa na udongo mwingi vile kwenye meno. Akatema pembeni.

"Mama yako alianza kuniambia kwa nini ulikuja. Alifika pa 'kwa sababu weye,' nguruwe ikatokea."

Mkono wa Sidonie ulisimama. "Alifika pale tu?"

"Pale tu. Sasa iko ananigeuzia mugongo." Akachuchumaa karibu na majivu. "Basi sema weye. Sababu iko nini?"

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Sidonie aliweka sufuria chini. Alimtazama mumewe tangu kwenye mvi mpaka kwenye magoti yaliyochubuka.

"Miaka kumi na moja," alisema, "hii ndiyo mara ya kwanza. Ndiyo sababu yenyewe."

Akatandika kitenge, akaanza kufunga.

Waliteremka mchana, yeye na jembe na sufuria, Ezéchiel na bega la nguruwe ndani ya wavu ambao tangu siku ile sangala wameukataa. Njiani Ezéchiel alimuuliza mkewe kama jua si kali. Alimuuliza kama sufuria si nzito. Alimuuliza alilala wapi, aliota nini, debe lile alilipiga kwa mkono gani. Walipofika Lubarika Sidonie alimwambia apumzishe kinywa kidogo, maana Uvira bado iko mbali.