Kikombe cha Kwanza

Binti alikipokea kikombe cha bati kwa mikono miwili, na kabla hajakifikisha kinywani mama yake akampokonya.

"Leo hunywi."

Wanywaji waliokaa kwenye magogo uani waliangaliana. Pale kijijini hakuna aliyegusa pombe kabla mtu wa nyumba inayouza hajamaliza kikombe cha kwanza mbele ya macho yao. Walianza hivyo mwaka ule watu saba walipokufa kwa pombe ya sumu. Ilikuwa busara, hakuna aliyekataa. Ila mama alikuwa na vidonda vya tumbo, akinywa anatapika damu, na mumewe alikuwa kaburini. Basi tangu akiwa na miaka tisa mtoto ndiye aliyeonja, na watu wazima na ndevu zao walimkodolea macho mpaka ameze tone la mwisho. Sasa alikuwa na kumi na mmoja.

Jana mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani. Analala darasani, ananuka pombe, na asipokunywa mikono inamtetemeka hata kalamu haishikiki. "Mama, mtoto huyu unamuua," mwalimu alisema. Hakusema kwamba Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa palepale uani, akimhimiza mtoto amalizie upesi.

"Kama mtoto hanywi, na sisi hatunywi," alisema fundi baiskeli, akainuka. "Huenda umetia kitu."

"Nitie kitu ili iweje? Miaka mitano nawapikia!"

"Binadamu haaminiki, dada."

Walikuwa wameanza kutoka pale mwenyekiti wa kijiji alipoingia na askari wake wawili. Alikuwa ametoka mkutanoni, na fulana yake mpya iliandikwa kifuani: MLINDE MTOTO NA POMBE. Wote wakarudi kwenye magogo.

Mama alimweleza. Shuleni wamemwonya, mtoto asionje tena, ataonja mwenyewe.

"Safi kabisa! Ndicho nilichokuwa nahubiri sasa hivi," alisema mwenyekiti. "Haya, onja basi. Koo limenikauka."

Mama alikunywa. Hakufika nusu ya kikombe. Alipiga magoti kando ya kinu, akatapika, na damu ikaonekana.

"Sumu hiyo!" alipayuka fundi baiskeli.

"Ni vidonda. Mnajua wote..."

"Tuhakikishe," alisema mwenyekiti, akamgeukia binti. "Njoo, mwanangu. Muokoe mama yako."

Mama alitaka kupiga kelele, damu ikamziba. Mtoto alikunywa bila kupumzika, kama mzee mzoefu, kisha akalamba ukingo wa kikombe. Kule kulamba ndiko kulikomuuma mama kuliko vidonda.

Mwenyekiti alimaliza vikombe viwili, akafuta mdomo, akatoa daftari.

"Sasa tufanye kazi. Wilayani wanataka kila kijiji kitoe jina la mtu anayewapa watoto pombe. Wiki hii hii."

"Si wewe uliyemwambia anywe!"

"Pombe ya nani? Mtoto wa nani?"

Kesi ya nyani hakimu alikuwa ngedere. Askari mmoja alimshika mkono, mwingine akajitwika pipa la pombe kuwa kidhibiti, na wateja wakalalamika kwamba nao walikuwa hawajanywa.

Mama alilala kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, kati ya maboksi ya fulana. Asubuhi, kupitia nondo za dirisha, alimwona binti yake akipanda ngazi za baraza, amejikumbatia, anatetemeka mwili mzima.

"Mwanangu! Niko huku!"

Binti hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa askari aliyelinda pipa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekuja kumwona mama?"

"Nimekuja kuwaonjea."

Askari alitazama mlango wa mwenyekiti, uliokuwa bado umefungwa. Kisha akafunua pipa.