Mtungi wa Kitanda cha Tisa

Deki ya wodi ya wanaume ilitakiwa kukauka kabla madaktari hawajapita. Mfagiaji alikuwa amefika kitanda cha saba, ndoo ya maji ya dawa mkono huu, fagio la deki mkono ule, lakini masikio yake yote yalikuwa kitanda cha tisa. Alikolala mumewe.

"Unanipita kama hunijui, mama watoto," mume alisema chini ya barakoa ya oksijeni, maneno yakikatika katikati.

"Nikisimama, msimamizi atasema nimegeuza kazi kuwa ziara."

"Basi piga deki hapa chini yangu. Pachafu kweli."

Hapakuwa pachafu. Akapiga deki mara tatu.

Mume alikuwa fundi seremala. Miaka ishirini na miwili ya kukata na kupiga randa, na vumbi la mbao likahamia kifuani. Hii ilikuwa siku yake ya nne wodini, na mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kichwa chake ulikuwa wa mwisho hospitalini. Mitungi mipya ilitarajiwa tangu mwezi uliopita. Kila asubuhi mume alimwombea dereva atakayeileta, kisha muuguzi wa zamu, kisha mzee wa kitanda cha kumi aliyekoroma usiku kucha.

"Utamaliza pumzi kwa kuombea watu," mke alimwambia.

"Nitaombewa na nani wa kunizidi sauti? Wewe?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alimtania, ila alikuwa amesema kweli. Mke naye alisali, lakini alisali kama mtu anayepeleka malalamiko ofisini: anataja shida yake, anasubiri, kisha anarudi kuuliza yamefikia wapi. Mumewe alizungumza na Mungu kama jirani wa ukuta mmoja.

Saa nne wakaja wapagazi wawili na kitoroli. Muuguzi aliwatangulia, akamvua mgonjwa barakoa ile taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Mtungi mnaupeleka wapi?" mfagiaji aliuliza.

"Chumba cha peke yake. Amri imetoka juu."

"Huyo mgonjwa wa huko ana hali mbaya kuliko huyu?"

Muuguzi aliangalia sakafu iliyokuwa bado inang'aa kwa maji. "Ni baba mkwe wa mkuu wa ugavi," alisema kwa sauti ya chini. "Wameahidi mwingine utafika saa sita."

Mkuu wa ugavi ndiye aliyekuwa na kazi ya kuagiza mitungi.

Mfagiaji aliacha ndoo hapo hapo, akakimbilia ofisi ya ugavi. Karani alimtazama aproni, hakumtazama uso.

"Una barua ya daktari?"

"Mtu hapumui, kaka."

"Nimeuliza barua."

Daktari alikuwa kikaoni. Mlinzi wa mlango wa kikao alisema hawezi kugonga, kwani wakubwa wanazungumzia ukaguzi wa wiki ijayo. Mfagiaji alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Alipokosa pa kwenda akarudi wodini, viatu vya mpira vikimlilia miguuni.

Midomo ya mumewe ilikuwa imebadilika rangi. Mume alimshika mkono.

"Usikimbie tena. Kaa."

Wafanyakazi walikatazwa kukaa kwenye vitanda vya wagonjwa. Akakaa.

"Naogopa," mke alisema.

"Hata mimi niliogopa, asubuhi. Sasa nimeshamkabidhi Mungu."

"Umemkabidhi nini?"

Ilimchukua muda kupata pumzi ya kujibu. "Wewe."

Saa sita kasoro kidogo kifua kilipanda, kikashuka, kikatulia. Mzee wa kitanda cha kumi alivua kofia yake. Saa sita ilifika, mtungi haukufika. Saa nane haukufika.

Walipomaliza kumfunika, mfagiaji aliingia chumba cha kufulia, akasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa. Safari hii hakutaja shida zake kwa mpangilio. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Ulikuwa wapi? Aliwaombea kwako watu wote hawa, wewe ulikuwa wapi?" Mashine iliendelea kuzungusha nguo. Alichuchumaa, akalia mpaka aproni ikalowa, na maneno yalipomwishia alisikia neno moja tu la mumewe likibaki. Wewe. Amekabidhiwa. Kama mzigo uliopokelewa na mtu asiyeudondosha.

"Haya, Baba," alisema kwa sauti iliyochakaa. "Sielewi. Lakini nishike."

Maumivu hayakuondoka. Yalikuwa pale pale, mazito vile vile, ila hakuyabeba tena akiwa amesimama peke yake. Moyo uliokuwa ukimwenda mbio tangu saa nne ukapunguza mwendo. Akanawa uso.

Karani alikuwa anamsubiri nje na karatasi. "Pole sana, mama. Saini hapa, mkachukue mwili."

Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Iliandikwa kwamba mgonjwa alikataa kuendelea na oksijeni.

"Hakukataa."

"Ni utaratibu tu. Wakaguzi wanakuja. Na wewe ni mwenzetu, bado unahitaji kazi."

"Kazi naihitaji. Lakini hakukataa." Akamrudishia karatasi.

"Usiposaini, muuguzi atasaini kama shahidi. Sisi tulikuwa tunakupa heshima tu. Na kesho usije."

Muuguzi alisaini kwenye meza ya wodi, machozi yakidondokea kitabu cha zamu. Alikuwa na watoto watatu. Karatasi ikagongwa mhuri, ikaingia kwenye faili, na tangu saa ile fundi seremala akawa mtu aliyekataa kupumua.

Mfagiaji alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Muuguzi hakuthubutu kuinua macho.

"Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema, na mwenyewe akashangaa kuona kwamba ni kweli. "Lakini wakaguzi wakija nitakuwa pale getini. Nitawaambia."

"Hawatakusikiliza."

"Najua."

Wifi yake alikuwa amefika, anamsubiri kwenye korido na kanga mbili. Walisukuma machela wenyewe kuelekea chumba cha maiti, kwa kuwa wapagazi walikuwa chumba cha peke yake.

"Umeweza kusali?" wifi aliuliza.

"Nimemgombeza."

"Mungu?"

"Ndiyo. Hajaniacha."

Walisimama mlangoni kungoja ufunguo. Akalirekebisha shuka lililokuwa limeteleza begani mwa mumewe, akalia tena, bila haraka.